Kwa nini Nuremberg inakumbukwa na Arusha inasahaulika?

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja hapa Arusha. Nilikua nikiona magari meupe ya Umoja wa Mataifa yakielekea AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa cha hapa mjini, wakati kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda zikisikilizwa. Leo nikiwauliza wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, wengi hawajui hata kama kesi hizo ziliwahi kuendeshwa kwenye mji wao. Nasoma kwamba Ujerumani, ukumbi waliohukumiwa viongozi wa Kinazi kule Nuremberg umekuwa makumbusho yanayotembelewa na watu wa dunia nzima. Je, Wajerumani waliipokea kesi ile vizuri tangu mwanzo? Na kwa nini kesi nyingine hukumbukwa na nyingine zikapotea?

Jibu: Mwalimu, nashukuru kwa swali lako. Nitaanza na sehemu ya kwanza, kwa sababu ukishaijua hiyo, ya pili inakuwa nyepesi kidogo. Hapana, Wajerumani hawakuipokea vizuri. Waliivumilia kwa muda mfupi, wakaikataa, wakajitahidi kuisahau, na ilipita karibu miaka 20 kabla haijaanza kuwa kumbukumbu yao wenyewe. Makumbusho unayoyasikia yalifunguliwa Novemba 2010, miaka 65 baada ya kesi kuanza. Kwa hiyo ukiilinganisha Arusha na Nuremberg, usiichukue Nuremberg ya leo. Chukua Nuremberg ya mwaka 1955, na utaona kwamba hali ya mji wako si ya ajabu.

Kesi kuu ilifunguliwa tarehe 20 Novemba 1945. Mji ulichaguliwa kwanza kwa sababu ya majengo: jumba la mahakama halikuwa limeharibiwa sana na mabomu, na gereza lilikuwa papo hapo nyuma yake. Lakini ulikuwa pia mji ambao chama cha Hitler kilifanyia mikutano yake mikubwa, na ndiko mwaka 1935 zilikotangazwa sheria zilizowavua Wayahudi uraia. Hati ya mashtaka ilitaja watu 24. Robert Ley alijiua kabla kesi haijaanza, Gustav Krupp alionekana hana afya ya kusimama kizimbani, na Martin Bormann alihukumiwa bila kuwapo. Majaji walitoka Marekani, Uingereza, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti. Hukumu ilisomwa tarehe 30 Septemba na 1 Oktoba 1946: watu 12 kunyongwa, watatu kifungo cha maisha, wanne kifungo cha kati ya miaka 10 na 20, na watatu kuachiwa huru. Wakumbushe wanafunzi wako hao watatu wa mwisho kila wanapoambiwa kwamba hukumu ilikuwa imeandikwa kabla ya kesi.

Wamarekani waliokuwa wakitawala sehemu ya kusini ya nchi walikuwa wakifanya kura za maoni. Mwaka 1946, karibu Wajerumani 8 katika kila 10 waliohojiwa walisema kesi imeendeshwa kwa haki. Mwaka 1950 waliosema hivyo walikuwa chini ya wanne katika kila 10. Hukumu ilikuwa ileile na ushahidi uleule. Ni nini kilichobadilika ndani ya miaka minne?

Wengi hutaja Vita Baridi, na ni kweli ilichangia. Marekani ilianza kuitaka Ujerumani Magharibi iwe mshirika dhidi ya Wasovieti, hata iwe na jeshi tena, na maofisa wa zamani wa Ujerumani wakasema waziwazi kwamba hawatavaa sare wakati wenzao wako magerezani. Lakini mimi naona sababu nzito zaidi iko kwenye kesi zilizofuata. Kuanzia Desemba 1946 hadi 1949 Wamarekani waliendesha kesi nyingine 12 katika jumba lilelile. Safari hii washtakiwa hawakuwa akina Göring, wakubwa wa serikali ya Hitler. Walikuwa madaktari waliofanya majaribio kwa wafungwa, majaji na maofisa wa wizara ya sheria, wakurugenzi wa kampuni za IG Farben na Krupp, majenerali, mabalozi. Hawa walikuwa watu wa heshima zao, ambao wananchi waliwahi kutibiwa nao, kusoma nao au kufanya kazi kwao. Mkuki kwa nguruwe ulikuwa mtamu. Ulipofika kwa daktari na jaji wa mji, ukawa mchungu. Hapo ndipo maneno "haki ya mshindi" yaliposhika kasi.

Nenda na wanafunzi wako kwenye mji mdogo wa Landsberg, kusini mwa Bavaria, kwa sababu bila Landsberg huwezi kuielewa Nuremberg. Gereza la mji huo ndilo walikofungwa na kunyongewa waliohukumiwa na Wamarekani. Tarehe 7 Januari 1951 maelfu ya watu walikusanyika katika uwanja wa mji, wakiwamo wanasiasa na wabunge, kudai wanaosubiri kunyongwa wasinyongwe. Mmoja wa waliokuwa wakisubiri alikuwa Otto Ohlendorf, ambaye mwenyewe alikiri mahakamani kwamba kikosi alichokiongoza kiliua watu 90,000 katika maeneo ya Kisovieti. Manusura wa Kiyahudi walifika kuandamana kupinga. Walizomewa, na wengine wakapigiwa kelele zilezile za enzi za Hitler, kwamba Wayahudi watoke. Hiyo ilikuwa miaka sita tu baada ya vita.

Viongozi wa dini nao walikuwamo. Askofu Theophil Wurm wa Kilutheri na Johannes Neuhäusler, askofu msaidizi wa Kikatoliki wa München, waliandika barua nyingi kuwaombea wafungwa hao. Neuhäusler hakuwa Nazi hata kidogo. Yeye mwenyewe alifungwa na Wanazi kwenye kambi ya Dachau. Ninamtaja ili wanafunzi wasidhani kwamba waliokataa hukumu zile wote walikuwa wafuasi wa Hitler waliojificha. Wengine waliamini kwa dhati kwamba wanatenda huruma, na huruma hiyo ikawafikia wauaji kabla ya kuwafikia waliouliwa ndugu zao.

Shinikizo lilifanya kazi. Tarehe 31 Januari 1951 John McCloy, aliyekuwa kamishna mkuu wa Marekani, alipunguza adhabu nyingi. Alfried Krupp, mmiliki wa kampuni ile ya Krupp, aliachiwa na kurudishiwa mali zake. Watu saba wa mwisho walinyongwa Juni 1951, Ohlendorf akiwa miongoni mwao, lakini kati ya makamanda 14 waliohukumiwa kifo katika kesi yake ni wanne tu waliotekelezewa. Wenzao waliobaki walitoka mmoja mmoja, na wa mwisho alitoka mwaka 1958. Nchi ilikuwa imeamua kwamba shauri limekwisha.

Mwaka huohuo wa 1958, shauri likafunguka upya, na ajabu ni kwamba lilifunguliwa na mmoja wa wauaji mwenyewe. Bernhard Fischer-Schweder, mkuu wa polisi wa zamani wa mji wa Memel, alikuwa amepata kazi ya kusimamia kambi ya wakimbizi karibu na mji wa Ulm. Historia yake ilipojulikana akapoteza kazi. Badala ya kunyamaza, akaenda mahakamani kudai arudishwe. Magazeti yakaandika, kuna aliyesoma akamtambua, na uchunguzi ukaanza. Kesi ya Ulm iliwaweka kizimbani watu kumi kwa mauaji ya maelfu ya Wayahudi kwenye mpaka wa Lithuania majira ya kiangazi ya 1941. Wote walitiwa hatiani. Vifungo vilikuwa vyepesi, miaka mitatu hadi 15, lakini hofu iliyoingia nchini haikuwa ya vifungo. Watu waligundua kwamba wauaji wanaishi kati yao na mishahara ya serikali, na kwamba hakuna ofisi hata moja iliyopewa kazi ya kuwatafuta. Desemba 1958 ikaanzishwa ofisi ya pamoja ya majimbo katika mji wa Ludwigsburg kuchunguza uhalifu wa Kinazi. Ofisi hiyo bado ipo.

Na sasa nikufikishe kwa mtu ambaye ningependa kila mwalimu wa historia amjue. Fritz Bauer alizaliwa Stuttgart mwaka 1903. Alikuwa Myahudi, mwanasheria, na msoshalisti. Wanazi walimfunga mwaka 1933. Mwaka 1936 alikimbilia Denmark. Oktoba 1943, Wajerumani walipoanza kuwasaka Wayahudi wa Denmark, alivuka bahari kwenda Sweden pamoja na maelfu ya wengine. Huko, mwaka 1944, kabla hata Nuremberg haijapangwa, alichapisha kitabu kuhusu kuwafikisha wahalifu wa vita mahakamani, akisema Wajerumani wanahitaji somo la sheria ya mataifa. Alirudi nyumbani mwaka 1949, na mwaka 1956 akawa mwendesha mashtaka mkuu wa jimbo la Hesse. Ni yeye aliyewapa Waisraeli kwa siri habari kwamba Adolf Eichmann, mmoja wa waratibu wakuu wa mauaji ya Wayahudi, yuko Argentina, kwa sababu hakuziamini ofisi za nchi yake.

Bauer ndiye aliyeisukuma kesi ya kambi ya mauaji ya Auschwitz mjini Frankfurt, iliyoanza Desemba 1963 na kumalizika Agosti 1965. Washtakiwa walikuwa 22 mwanzoni na 20 mwishoni. Sita walifungwa maisha, watatu waliachiwa huru, waliobaki walipata vifungo vya miaka. Ukitazama adhabu peke yake utasema ni kesi dhaifu, na Bauer mwenyewe aliondoka na uchungu. Lakini tazama kilichotokea ukumbini. Mashahidi zaidi ya 350 walisimama, 211 kati yao wakiwa manusura wa Auschwitz, wengi wakirudi kwa mara ya kwanza katika nchi ya waliowatesa. Watazamaji wapatao 20,000 walifika, yakiwamo madarasa mazima ya wanafunzi. Magazeti yaliandika siku baada ya siku. Na wakati huu mwendesha mashtaka alikuwa Mjerumani, jaji Mjerumani, sheria ya Kijerumani, na lugha ambayo mama wa nyumbani wa Frankfurt aliielewa bila mkalimani.

Hapo ndipo napoweka jibu langu kwako. Nuremberg ilianza kukumbukwa na Wajerumani pale Wajerumani walipoanza kuwahukumu Wajerumani. Kijana wa miaka 20 aliyekaa Frankfurt mwaka 1964 alirudi nyumbani na swali kwa baba yake: wewe ulikuwa wapi? Nuremberg haikuwa imemlazimisha mtu yeyote kuulizwa hivyo, maana ilimalizana na wakubwa.

Bunge nalo lililazimika kuzungumza. Kwa sheria ya wakati ule, muda wa kushtaki kosa la kuua kwa kukusudia ulikwisha baada ya miaka 20, maana yake mauaji ya Kinazi yangekuwa hayashtakiwi tena kuanzia 1965. Wabunge walibishana Machi mwaka huo, wakasogeza mbele mwanzo wa kuhesabu hadi mwisho wa 1949. Mwaka 1969 wakaongeza muda kuwa miaka 30. Mwaka 1979 wakaufuta ukomo kabisa. Kila mara mjadala uliporudi, nchi nzima ilisikiliza tena habari za kambi. Ndiyo maana karne hii imewahi kumpandisha kizimbani mwanamke wa miaka zaidi ya 90 aliyekuwa karani wa kambi ya Stutthof. Alitiwa hatiani mwaka 2022.

Ukumbi wa Nuremberg wenyewe, unaoitwa Ukumbi namba 600, ulirudishwa kwa serikali ya Bavaria na ukawa mahakama ya kawaida ya jinai. Wezi na wauaji wa kawaida walihukumiwa humo kwa miongo kadhaa. Waliokuja kubisha hodi wakiomba kuuona walikuwa zaidi wageni. Wenyeji walichelewa kuona kwamba wana hazina, na hata baada ya makumbusho kufunguliwa ghorofa ya juu, kesi ziliendelea kusikilizwa chini hadi mwaka 2020.

Sasa nikupeleke haraka Tokyo, kwa sababu inaonyesha upande wa pili. Mahakama ya huko, iliyowahukumu viongozi wa Japani wa wakati wa vita, ilikaa kuanzia Mei 1946 hadi Novemba 1948. Washtakiwa walikuwa 28, waliohukumiwa 25, walionyongwa saba. Mfalme Hirohito hakushtakiwa, na hata kuitwa kama shahidi hakuitwa. Jaji Radhabinod Pal wa India aliandika maoni marefu akisema wote waachiwe, na leo ana mnara katika hekalu la Yasukuni, hekalu ambalo mwaka 1978 liliyaingiza kimya kimya majina ya viongozi 14 walioshtakiwa katika kesi hiyo miongoni mwa roho zinazoheshimiwa. Nobusuke Kishi, aliyekaa mahabusu kama mtuhumiwa bila kufikishwa mahakamani, alikuwa waziri mkuu mwaka 1957. Japani iliikubali hukumu kwenye mkataba wa amani wa San Francisco, lakini waendesha mashtaka wake wenyewe hawakufungua kesi ya aina ya Frankfurt. Matokeo yake, kesi ya Tokyo bado ni ugomvi wa kisiasa kati ya wanaosema ilikuwa haki na wanaosema ilikuwa kisasi, na kila waziri anapokwenda Yasukuni, Uchina na Korea hulalamika upya.

Nije kwako Arusha. Hapa nakuomba utenganishe maswali mawili ambayo umeyaweka pamoja: Rwanda inakumbuka nini, na Arusha inakumbuka nini.

Mahakama ya Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama tarehe 8 Novemba 1994, na Rwanda yenyewe, iliyokuwa na kiti barazani wakati ule, ilipiga kura ya kupinga. Haikukubali, pamoja na mengine, kwamba adhabu ya kifo isiwemo. Kwa hiyo mahakama ilianza ikiwa mbali na nyumbani kwa kila maana. Ilishtaki watu 93 na kuhukumu 62 kabla ya kufungwa mwishoni mwa 2015. Ni kazi kubwa: waziri mkuu, mawaziri, makanali, wahariri wa redio na gazeti. Lakini mkulima wa Rwanda hakumwona yeyote kati yao akihukumiwa. Alichokiona ni gacaca, mabaraza ya wananchi yaliyokaa kwenye nyasi za kijiji chake na kumaliza kazi mwaka 2012 baada ya kusikiliza karibu mashauri milioni mbili. Gacaca ina kasoro nyingi, na nisingependa mtu aifundishe kama hadithi tamu. Hata hivyo ndiyo iliyowauliza majirani "ulikuwa wapi?", kama Frankfurt ilivyofanya. Na Aprili kila mwaka Wanyarwanda wanapoomboleza, huenda Gisozi, Nyamata, Murambi, mahali walipolala waliouliwa.

Arusha ni jambo jingine. Nuremberg ulikuwa mji wa wenye kushtakiwa. Arusha ulikuwa mwenyeji tu. Hakuna mwanafunzi wako ambaye babu yake alikuwa kizimbani kwa sababu ya Utanzania wake. Lugha rasmi za mahakama zilikuwa Kiingereza na Kifaransa, mashahidi wengi walisema Kinyarwanda, na Kiswahili, lugha ya mji mzima nje ya geti, hakikuwa na nafasi rasmi ndani. Nimezungumza na wakazi wengi wa Arusha juu ya miaka ile, na wanachokumbuka ni ajira, nyumba zilizopangishwa kwa dola, na madereva waliojenga kwa mishahara ya Umoja wa Mataifa. Hayo ni kumbukumbu halali, lakini hayamfundishi mtu kilichoamuliwa. Inaniuma, kwa sababu kilichoamuliwa hapo hakikuwahi kuamuliwa popote duniani kabla ya hapo.

Tarehe 2 Septemba 1998, katika jengo la AICC, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa eneo la Taba nchini Rwanda, akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Hukumu hiyo pia ilikuwa ya kwanza kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Na jambo hilo halikuwamo kwenye hati ya mashtaka ya mwanzo. Mapema mwaka 1997 shahidi mmoja mwanamke, aliyelindwa kwa herufi J, alikuwa akieleza habari nyingine, akataja kwamba bintiye mdogo alibakwa. Jaji Navanethem Pillay, mwanamke pekee kwenye jopo, alitaka kujua zaidi. Shahidi mwingine akasema mengi. Kesi ikasimama, na Juni mwaka huo mashtaka yakaongezwa. Sheria ya dunia ilibadilika kwa sababu mama wa Taba alisema, na kuna aliyemsikiliza, katika mji wa wanafunzi wako.

Kwa kidato cha tatu, nadhani Akayesu ni mzito mno. Mwachie kidato cha tano na sita, kwa maandalizi. Anza na Jean Kambanda, waziri mkuu wa serikali ya miezi ile ya mauaji. Tarehe 1 Mei 1998 alisimama Arusha akakiri kosa, mkuu wa kwanza wa serikali kufanya hivyo kwa mauaji ya kimbari, na Septemba akafungwa maisha. Baadaye akataka kuufuta ukiri wake, na rufaa ikakataliwa mwaka 2000. Hukumu yake ni fupi na inasomeka. Nyaraka za mahakama zilihamishiwa Lakilaki, kwenye majengo ya chombo cha Umoja wa Mataifa kilichorithi kazi, na hukumu zote ziko wazi kwa umma kwenye intaneti.

Itafsiri hukumu ya Kambanda kwa Kiswahili pamoja na darasa, aya kwa aya, kwa muhula mmoja. Kisha watume wanafunzi kwa waliokuwa walinzi, wapishi, makarani na wakalimani wa mahakama, ambao wengi bado wako Arusha na wanazeeka, wawahoji na kuwarekodi. Wajerumani walipata bahati na kesi ya Frankfurt: sauti za mashahidi zilirekodiwa kwa ajili ya majaji tu, zilikuwa zifutwe baada ya hukumu, lakini hazikufutwa, na leo kuna saa zipatazo 430 ambazo yeyote anaweza kuzisikiliza. Sauti za ndani ya ukumbi wa Arusha zimehifadhiwa na Umoja wa Mataifa. Za mji, mpaka sasa, nani anazirekodi?